Sura ya Nne: Kaburi la Isobel Watt

Maiti hasifii mashua. Hilo Nan Birnie alilijua bila kufundishwa, na ndilo lililomtoa kitandani kwake Aberdeen asubuhi ile ya Septemba 1958, akapanda basi la kwanza hadi Portlennie, kijiji cha wavuvi kilichojibana chini ya jabali, nyumba zote zikiipa bahari ubavu kama watu walionuniana.

Alikuwa amestaafu polisi kwa cheo cha sajenti, na watu bado walimwita hivyo hivyo. Miaka ishirini na sita ya kazi ilikuwa imemfundisha jambo moja kubwa: birika la chai limefungua kesi nyingi kuliko pingu. Sasa alifanya upelelezi wa kukodiwa, na aliyemkodi safari hii alikuwa Dokta Crombie wa ofisi ya kamusi kule Edinburgh, mtu mwembamba anayeongea kama anayeogopa kumwaga maneno.

Mkobani Birnie alikuwa na karatasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa kadi ndogo, imeandikwa kwa mkono ulionyooka wa kialimu. "Lustie. Inayofurahisha jicho, nzuri. 'Ile mashua ni lustie.' Imesemwa na Isobel Watt, miaka 82, jikoni kwake, Portlennie, 14 Juni 1956." Chini yake ilitiwa sahihi ya Bethia Slessor, mwalimu mstaafu wa kijiji hicho, ambaye kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiiokotea kamusi maneno bila kulipwa hata ndururu.

Ya pili ilikuwa barua isiyo na jina, ya mwezi uliopita.

"Bwana Mhariri. Isobel Watt wa Portlennie, aliyezaliwa 1874, yumo kaburini tangu Novemba 1949. Kadi yenu ni ya maiti. Kama hamwamini, muulizeni mwenye koti jeusi awafungulie daftari la mazishi, ukurasa wa arobaini na mbili."

Dokta Crombie alikwisha piga simu kwenye ofisi ya vizazi na vifo, naye akaambiwa hivyo hivyo: Isobel Watt, Portlennie, kuzaliwa 1874, kufa 1949. Kurasa za herufi ya L zilikuwa zinaingia mtamboni kesho saa sita mchana. Kadi ikiwa ya uongo itatupwa, na kadi nyingine elfu sita za Bethia Slessor zitatupwa nyuma yake, na jina lake litafutwa kwenye ukurasa wa shukrani. Mwizi wa yai moja, Dokta alisema, hapewi banda.

Basi Birnie akaanza na mtuhumiwa.

*

Bibi Slessor alifungua mlango kabla haujabishwa. Alikuwa na miaka sabini na moja, mgongo wima kama mlingoti.

"Umekuja kunikamata, Sajenti, au kunywa chai?"

"Kimoja hakizuii kingine, Mwalimu."

Sebule nzima ilikuwa maboksi ya viatu, na ndani ya maboksi kadi, zimekatwa kutoka migongo ya mitihani ya zamani ya watoto. Birnie alichomoa moja hapa na moja pale. Kila kadi ilikuwa na neno, maana, sentensi kama ilivyosemwa, nani, umri, wapi, siku gani.

"Huandika lini?"

"Siku hiyo hiyo. Neno halilazwi njaa."

"Na hii ya Isobel Watt?"

"Siku hiyo hiyo."

"Isobel Watt aliyezaliwa 1874?"

"Nilimuuliza umri, akaniambia themanini na miwili. Hesabu fanya wewe."

"Nimeifanya. Inatoka sawasawa na ya makaburini. Shida ni kwamba huyo wa makaburini alikuwa na karibu miaka saba chini ya udongo ulipokaa naye jikoni."

Mwalimu alimimina chai bila kutikisika. Birnie aliitazama ile mikono. Mwongo mara nyingi hujikwaa kwenye sukari. Huyu alitia vijiko viwili, akakoroga, akasogeza kikombe.

"Kadi yangu ni ya kweli."

"Basi nionyeshe mtu."

"Nimeahidi kutomtaja zaidi ya nilivyomtaja."

"Ulimwahidi nani?"

"Nikikuambia niliyemwahidi, ahadi itabaki na nini?"

"Mwalimu, kesho saa sita wanakufuta. Miaka thelathini na moja. Kadi elfu sita."

"Elfu sita mia nne na kumi," alisema Bibi Slessor, na hapo tu ndipo sauti ilipopata ufa. Akajikohoza, ufa ukazibwa. "Nikuambie kitu, Sajenti. Huyo Dokta wako anadhani neno hili ni mfupa wa makumbusho. Zamani za wafalme, washairi walipokuwa wakila meza moja na wakubwa, lustie ilikuwa asubuhi ya Mei. Ilikuwa bustani, ilikuwa mwanamke anayeingia ukumbini watu wakasahau kutafuna. Raha ya jicho! Kisha likapandishwa mimbarini. Wahubiri wakalishika mzizi, wakalichovya motoni, likashuka likinuka uchu na uzinzi. Mijini likawa mtu mwenye kifua kipana na hamu ya nyama. Na Dokta anaandika kwamba ile maana ya kwanza ilikufa miaka mia tatu iliyopita."

"Haikufa?"

"Ilihamia huku. Ikajifunza kuvua."

Alisema hivyo kidevu kikiwa juu, kama mtu anayetaja ukoo wake. Birnie aliondoka pale akiwa na mashaka mawili yanayogombana. Mwanamke yule hakuwa na sura ya mwongo. Lakini mwenye mapenzi makubwa namna ile na neno moja, akikosa shahidi aliye hai, angeshindwa kumwazima maiti?

*

Makaburini upepo ulikuwa unakata. Hakutafuta sana, jiwe lilikuwa safu ya tatu, refu, la rangi ya kijivu.

ISOBEL WATT. ALIZALIWA PORTLENNIE 1874. ALILALA 9 NOVEMBA 1949.

Chini ya hapo kuvu la kijivu lilikuwa limeota nene kama blanketi. Birnie aliandika tarehe kwenye daftari lake, akafunga daftari, akahisi kesi nayo imefungwa. Ule mwaka wa kuzaliwa ndio uliolaza mashaka yake. Watu wawili kufanana jina, sawa. Jina na mwaka na kijiji? Hapana.

Akaketi ukutani kuisoma tena barua, maana mazoea ya kazi ni kuusoma ushahidi mara ya mwisho unapoudhani umekwisha.

"Muulizeni mwenye koti jeusi."

Akakunja uso. Kwa nini asiandike "mchungaji"? Neno fupi, watoto wanalijua. Ndipo akakumbuka soko la samaki la Aberdeen, alikolelewa chini ya meza ya mama yake mpasua samaki. Wavuvi hawamtaji mchungaji baharini. Kumtaja ni kuita dhoruba. Husema "mwenye koti jeusi", na ukikosea, kila mtu chomboni hukimbilia kushika chuma. Wenye kushika sana miiko hulikataa neno hilo hata ardhini, hata kwa kalamu.

Aliyeandika barua hii basi ni mtu wa baharini. Na mtu wa baharini alijuaje ukurasa wa daftari la kanisa?

Hapo ndipo mtu alipopiga mbinja nyuma yake. Alikuwa mpeleka barua wa kijiji, Dod Findlay, baiskeli mkono mmoja, skonzi mkono wa pili.

"Umepotea, mama, au unachagua kiwanja?"

"Bado sijawapenda majirani. Wewe ndiye mpeleka barua?"

"Miaka thelathini na nne. Nabakiza mmoja nipate pensheni yangu nikae nizeeke kwa heshima."

"Barua ya Isobel Watt ungeipeleka wapi?"

Dod alicheka hadi makombo yakaruka. "Isobel Watt yupi?"

Birnie alishuka ukutani polepole. "Wapo wangapi?"

"Walio hai? Saba. Huku kila binti wa kwanza hupewa jina la bibi yake. Bibi mmoja, Isobel Watt, aliacha wana watano. Haya, piga hesabu. Mwaka mmoja walizaliwa Isobel Watt watatu, mkunga akaomba likizo."

"Mwaka gani?"

"Sabini na nne. Mama yangu aliupenda kuusimulia."

"Na wewe unawatofautisha vipi?"

"Kwa lakabu, mama! Hukulelewa wewe? Isobel Watt Bo. Isobel Watt Kingo. Kila nyumba ina lakabu yake, inarithiwa kama pua. Barua isiyo na lakabu hapa inazunguka kijiji kama mbuzi aliyekatika kamba."

"Ofisi ya vizazi haina lakabu hizo."

"Ofisi ya vizazi haipeleki barua."

"Na makaburini?"

"Hata makaburini. Ila mchonga mawe alikuwa mtu wa haya, aliiweka chini kabisa."

Birnie alichomoa kibanio nywelani, akapiga goti kwenye nyasi zenye maji bila kujali soksi zake. Kuvu lilikuwa gumu. Alilikwangua kidogo kidogo, Dod akiwa amemwinamia na skonzi lake. Ikatoka D. Ikatoka O. Alipomaliza, herufi tano ndogo zilikuwa zikimtazama.

DOSIE.

"Huyo ni Isobel Dosie," alisema Dod. "Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi kama kisu cha samaki."

"Kwa hiyo waliozaliwa sabini na nne walikuwa Dosie, na...?"

"Na wa pili alikwenda Kanada kabla ya vita. Na wa tatu yupo." Akaanza kukagua breki zake.

"Huyo wa tatu lakabu yake?"

"Huyo barua zake tunaandika tu 'kwa Sandy'. Sandy ni mwanawe. Nahodha, mzee wa kanisa. Alipochaguliwa uzee wa kanisa, miaka tisa iliyopita, alizunguka nyumba kwa nyumba kutuomba lakabu yao tusiitamke tena. Mtu mkubwa vile, kaomba kwa adabu. Tukaacha."

"Na katibu wa kanisa ni nani?"

"Huyo huyo Sandy."

"Daftari la mazishi?"

"Analo yeye. Mwenyewe mchungaji yuko hospitali ya Glasgow tangu mwezi wa sita, figo."

Birnie alifuta kibanio chake, akakirudisha kichwani. Mtu wa baharini, mwenye daftari mkononi. Alikuwa akitafuta watu wawili, kumbe ni mmoja. "Dod, hiyo lakabu ni ipi?"

"Sajenti," alisema Dod, na kumbe muda wote alijua cheo chake, "nimekuambia nabakiza mwaka mmoja. Nenda mwenyewe. Leo hutapata shida ya kuingia. Mjukuu wa huyo bibi, Ruby binti wa Sandy, anaolewa Jumamosi. Leo wanaonyesha zawadi. Kijiji kizima kiko pale kwa jina la kutazama mashuka."

*

Kijiji kizima kilikuwa pale kweli. Ngazi zilijaa wanawake, jiko lilijaa wanawake, na chumba cha kulala, ambako zawadi zilitandazwa juu ya kitanda na meza na kabati, ungedhani chombo kimelalia upande mmoja kwa abiria. Chai ilipita juu ya vichwa. Hakuna aliyemuuliza Birnie yeye ni nani. Alipewa sahani yenye skonzi tatu na jamu, akasukumwa mbele.

"Saa tatu za ukutani!" alisema mwanamke mnene mwenye kofia ya bluu. "Huyu binti hatachelewa kitu maishani."

"Ila kupata mimba," alijibu mwingine, na chumba kikapasuka kwa kicheko.

Kila zawadi ilikuwa na kikadi chake, na Birnie alivisoma vyote, kimoja baada ya kingine, kama anavyosoma orodha ya mahabusu. "Kutoka kwa Bella Watt Bo." "Kutoka kwa akina Kingo, na upendo." "Isobel Watt Shanks, anakuombea watoto wanene." Hakuna aliyeandika jina bila lakabu. Ingekuwaje vinginevyo? Bibi harusi angemshukuru nani?

Katikati ya kitanda kulikuwa na kitandiko cha sufu nyeupe kilichofumwa kwa mkono, mawimbi na nanga na kamba, kazi ya miezi. Wanawake walikuwa wakikigusa kwa mgongo wa kidole. Kikadi chake kililala kifudifudi, na juu yake palikuwa pamewekwa mbwa wa kauri.

"Hiki kimetoka kwa nani?" Birnie aliuliza.

Kicheko kikapungua. Wanawake wakatazamana.

"Kwa bibi yake," alisema yule wa kofia ya bluu, na mara akawa na shughuli nyingi na kikombe.

Bibi mwenyewe alikuwa kwenye kiti pembeni ya dirisha, mdogo, mweusi wa nguo, macho ya buluu yasiyopepesa. Miaka themanini na minne. Alikuwa anamtazama Birnie kama anayetazama hali ya hewa. Nyuma ya kiti alisimama mwanaume pekee mle ndani, mpana, ndevu zimechanwa, shingo imekabwa na kola ya sherehe.

"Nahodha Sandy Watt?" Birnie alimpa mkono. "Hongera ya binti. Nasikia mchungaji wenu anaumwa. Nani atafungisha ndoa Jumamosi?"

"Yule mwenye koti jeusi wa Banff," alisema Sandy.

Wanawake wakaangua kicheko. "Sandy jamani! Mzee wa kanisa mzima, hata chumbani kwa mamako humtaji!"

"Msimcheke. Wiki ijayo anakwenda kuvua."

Sandy naye alitabasamu kidogo. Birnie hakutabasamu. Aliweka sahani chini, akafungua mkoba, akatoa barua.

"Mwandiko wako, Nahodha?"

Tabasamu lilikwenda zake. "Hapa si mahali pake."

"Kesho saa sita mwalimu wenu anafutwa kama mwongo. Mahali pake ndipo hapa."

"Isome," alisema bibi dirishani. Sauti haikuwa kubwa, lakini hata ngazini watu waliisikia. "Isome kwa sauti, mwanangu. Miwani yangu imelaliwa na paka."

Birnie akaisoma yote. Alipofika "kadi yenu ni ya maiti," kijiko kimoja kililia kwenye sahani.

"Maiti ndiye mimi?" aliuliza bibi.

"Mama, sikuandika uongo. Isobel Watt amelala pale. Kila neno ni la kweli."

"Dosie amelala pale. Binamu yangu. Nilimwosha kwa mikono hii, nikamfunga kidevu kwa leso yangu ya harusi. Wewe umemnyang'anya kaburi ukanilaza mimi!"

"Ule ukurasa wa kamusi aliokuletea Mwalimu, Mama, niliukuta nyuma ya saa. Jina lako, na kando yake lile neno. Nifanyeje?" Sasa Sandy aliongea haraka, na Birnie aliona mtu mzima yule akipungua, akipungua, hadi akawa mvulana wa shule. "Baba mkwe wake Ruby ni mwalimu mkuu Aberdeen. Ana makabati ya vitabu. Ataifungua hiyo kamusi aone jina letu, na mjini kila mtu anajua lile neno maana yake nini. Nilipokwenda shule ya Banff walinifuata barabara nzima wakinipigia mbinja. 'Sandy Lustie, Sandy Lustie, mama yako analala na nani?' Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikaapa."

Hakuna aliyecheka. Lakabu ilikuwa imetamkwa mbele za watu, mara ya kwanza baada ya miaka tisa, na mwenye kuitamka alikuwa yeye.

Bibi Isobel alikaa akimtazama mwanawe. Birnie alitarajia hasira. Haikuja.

"Hukuniambia hayo ya Banff."

"Ningekuambiaje?"

"Ungeniambia. Nami ningekuambia kile ambacho baba yako alipaswa kukuambia, ila alikufa baharini mapema." Akageuza kiti chake kidogo awaone wote. "Babu wa baba yako alijenga mashua majira mawili ya baridi, hapo ufukweni, yeye na nduguye, na watu wakimcheka kwamba anapiga randa mbao kama anayemnyoa bwana harusi. Siku ya kuishusha, ilizunguka ile rasi kwa tanga moja. Wanawake arobaini walikuwa wanapasua samaki. Nawaambia, msimu wa samaki wengi, hakuna anayeinua kichwa hata nyumba iungue. Visu vikasimama. Vyote. Na Kirsten mkubwa, aliyekuwa hajasifia kitu tangu abatizwe, akasema neno moja. Lustie. Hakuongeza la pili. Tangu siku hiyo sisi ni akina Lustie. Bo walipewa kwa kulia ovyo. Shanks kwa miguu yao ya korongo."

"Kweli kabisa," alisema Isobel Shanks kutoka mlangoni, akinyanyua sketi kidogo kuthibitisha.

"Sisi hatukupewa kwa kejeli. Tulipewa kwa sababu watu waliacha kazi wakatazama. Watu wa Banff hawalijui neno hilo, Sandy. Wanalijua la kwao. Wewe ulikwenda na la dhahabu ukarudi na la bati, ukanikabidhi mimi nilifiche."

Sandy aliinamisha kichwa. Ruby, bibi harusi, msichana mrefu mwenye mikono myekundu ya kazi, alikuwa amesimama kando ya kitanda muda wote. Akamwondoa yule mbwa wa kauri. Akakigeuza kikadi, akakisoma kwa sauti.

"'Kutoka kwa bibi yako, Isobel Watt Lustie.'" Akakichomeka kwenye kitandiko kwa pini ya kifuani mwake, mahali ambapo asiyeona ni kipofu. "Baba, mama mkwe aliniuliza mbona jamaa zetu wote wana majina matatu, mimi mawili. Niliona haya. Niliona haya ya kukosa."

"Amesema!" alisema yule wa kofia ya bluu, na machozi yakamdondokea kwenye jamu.

Bibi Isobel alinyoosha kidole kwa mwanawe. "Mimi ndiye niliyemwomba Bethia asiandike lakabu, kwa ajili ya kununa kwako. Akanyamaza hadi kwenye ukingo wa aibu. Chukua kofia yako. Nenda ukamlete. Umpitishe mlango wa mbele."

Nahodha alichukua kofia yake. Ngazini wanawake walimpisha, na mmoja akampiga kofi la begani, si la kuumiza.

*

Bibi Slessor aliingia ameshika mkono wa Sandy, mgongo wima vile vile, akiwa na boksi la kadi tupu kwapani, maana mwalimu hatembei mikono mitupu. Hakuuliza kitu. Aliketi mbele ya Bibi Isobel, akafungua kalamu.

"Ahadi yako nimekurudishia, Bethia," alisema bibi. "Andika upya. Andika yote."

"Sentensi?"

Bibi Isobel alitazama kile kitandiko, na wanawake waliokizunguka, na Ruby. "'Kile ni kitandiko cha lustie, na nilikifuma mimi.'"

"Nani?"

"Isobel Watt Lustie."

"Umri?"

"Themanini na minne. Sijafa."

"Hilo la mwisho si lazima, Isobel."

"Liandike!"

Birnie alitaka mashahidi wawili, kama utaratibu unavyodai. Alipata thelathini na wanane. Kadi moja haikutosha; Mwalimu aliongeza tatu, na kila aliyetia sahihi aliweka lakabu yake, hata zile ambazo Birnie, kwa heshima yake ya uzeeni, asingeweza kumsomea Dokta Crombie bila kufunga mlango. Wa mwisho alikuwa Sandy. Aliishika kalamu kama usukani kwenye mawimbi. Aliandika "Alexander Watt," akasita, mama yake akitazama dirishani kana kwamba hajali. Kisha akaliandika la tatu, herufi kubwa kubwa.

Saa kumi kamili Birnie alisimama kwenye dirisha la posta na telegramu: ISOBEL WATT YU HAI. AMENIPA CHAI. KADI NI YA KWELI. MASHAHIDI WAPO. JINA LA MWALIMU SLESSOR LISIGUSWE.

Alirudi kwenye zile sherehe, maana skonzi zilikuwa bado zipo na umbea ulikuwa ndio kwanza umeiva. Alikuwa anaelezwa historia ya miguu ya akina Shanks tangu enzi za mfalme fulani, Dod alipoingia akitweta na bahasha ya kahawia. Edinburgh ilikuwa imejibu chini ya saa moja. Birnie akaisoma mbele ya wote, maana siri mle ndani zilikuwa zimekwisha.

NINAYO REKODI YA KIFO YENYE JINA HILO. WAPO WANGAPI. CROMBIE.

Nyuso zote zikaelekea dirishani. Bibi Isobel Watt alipokea kikombe chake kutoka kwa mwanawe, akanywa funda moja, akakiweka mahali pake.

"Mjibu," alisema. "Isobel Watt wapo saba. Lustie ni mmoja."